Moss Hataki Kuingia Ndani

Asubuhi ya kwanza ya ule ukungu ulioganda nilimkuta Moss amelala mbele ya kibanda chake, mweupe pe kuanzia pua hadi mkia, nikadhani amekufa. Moss ni mbwa mweusi. Weupe wake ni wa kifuani na ncha ya mkia tu. Nilisimama na ndoo ya maji ya uvuguvugu mkononi, nikaanza kumwombea, kisha nikaona mvuke mwembamba ukitoka puani.

Hakuweza kuinuka. Manyoya ya ubavuni yalikuwa yameshikana na ardhi kwa barafu. Nilimwaga maji pembeni yake kidogo kidogo, nikamnasua kwa vidole, nikamsugua kwa taulo la jikoni mpaka mikono yangu ikawa myekundu. Baada ya kama dakika ishirini miguu ya nyuma ikakumbuka kazi yake. Akasimama, akajikung'uta, akanitazama kama mtu anayeuliza mbona nimechelewesha siku.

Mwezi wa saba huku kwetu Maniototo, kusini ya mbali ya dunia, ndio kitovu cha baridi, lakini mwaka ule ulizidi. Ukungu ulishuka bondeni ukakataa kuondoka. Nyaya za uzio zilinenepa kama vidole. Bomba la bafuni lilipasuka. Wanaume walikuwa na furaha, maana bwawa liliganda vya kutosha kutelezesha juu yake mawe mazito ya mchezo wao wa barafu, na ukipita barabarani ulisikia wakipigiana kelele kama watoto. Mimi nilikuwa mjane wa miezi mitano na nilikuwa na mbwa wa miaka kumi na mitatu.

Wattie, mume wangu, alifariki mwezi wa pili, tukiwa tunavuna majani makavu. Mbwa wake watatu wengine walichukuliwa na majirani kabla maua ya kaburini hayajanyauka, maana mbwa aliyefundishwa na Wattie Kirkness hakosi mtu wa kumtaka. Moss hakutakiwa na mtu. Magoti yamekwisha, meno yamebaki ya kuhesabu. Basi akabaki wangu, au mimi nikabaki wake.

Sasa, mbwa wa kazi, huyu wa kuchungia kondoo, haingii ndani ya nyumba. Hapa kwetu hilo halijadiliwi. Ana kibanda chake chini ya miti, ana mnyororo wake, anakula mara moja jioni, basi. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa hakuna mbwa aliyekanyaga sakafu yangu, na aliyejaribu alikutana na ufagio. Wattie alikuwa mkali kunishinda. Alisema mbwa akishaonja zulia hapandi tena mlima.

Lakini milima ya Moss ilikuwa imekwisha.

Siku hiyohiyo, Jumatano, alipita Clarrie Geddes kuniletea paja la kondoo. Clarrie ni jirani, hana mke, na alichunga milimani pamoja na Wattie miaka thelathini. Aliniona nimepiga magoti nikimsugua mbwa, akaegemea uzio.

"Bi Effie, huyo amekwisha."

"Anapumua."

"Hata treni mbovu inatoa moshi."

"Wewe ungelala nje ukagandishwa mbavu, ungekuwaje?"

"Mimi ningekuwa nimeshaomba risasi." Hapo akaacha mzaha. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Sikiliza, dada yangu. Angekuwepo Wattie, angekuwa amekwishafanya. Mtu hamwachi mbwa wake ateseke, na hamwachii mwingine kazi hiyo. Ila Wattie hayupo. Nitakuja mimi. Risasi moja nyuma ya sikio, akiwa anakula. Hatajua kitu."

Nilijua anasema kweli, tena kwa upendo. Ndiyo desturi yetu, na nimeiona ikitimizwa mara nyingi kwa machozi. Lakini ulimi wangu ukatangulia.

"Na akilala ndani?"

"Moss? Ndani?" Clarrie alicheka mpaka mbwa wake garini wakaanza kubweka. "Bi Effie, Moss ataingia ndani ya nyumba siku mimi nitakapoingia kanisani."

"Kiti chako kipo siku zote. Nipe muda."

Alihesabu vidole. "Siku ya dawa ya mbwa ni Alhamisi ya wiki ijayo. Basi kesho yake. Ijumaa, saa tisa. Ikiwa bado analala nje..."

"Ikiwa bado analala nje, njoo na bunduki yako," nikasema, nikampa mkono. Na mimi nikitoa neno silirudishi. Mchungaji wa kanisani anajua, na Mungu anajua zaidi.

Nilidhani kazi yenyewe ni nyepesi. Nitafungua mlango, ataona jiko linawaka, ataingia. Nani asiyetaka moto?

Jioni ile nikamfungua mnyororo, nikamleta hadi ngazi ya mlango wa nyuma. Alikuja bila shida. Nikafungua mlango, joto likatupiga usoni, nikasema kwa sauti nzuri, "Ingia, Moss."

Alinitazama. Akaizunguka miguu yangu, akasimama nyuma yangu, upande wa uani.

Nikageuka. "Ingia. Ingia, baba."

Naye akazunguka tena, akasimama nyuma yangu, mgongo wake mlangoni. Nikageuka, akageuka. Tulicheza ngoma ile kwenye ngazi mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Nilipochoka nikamrudisha kibandani, nikamfunika kwa magunia matatu. Asubuhi magunia yalikuwa yamekokotwa nje na yeye amelala juu ya barafu.

Siku ya pili niliweka mafuta ya kondoo sakafuni, hatua moja kutoka kizingiti. Aliyaona. Udenda ulimtoka ukaganda kidevuni. Hakusogea. Siku ya tatu nilimweka kwenye banda la kuni, nikamtandikia sufu. Nilipogeuza kisogo tu alirudi kibandani kwake akichechemea, kama mzee aliyesahau ufunguo. Siku ya nne nilifanya jambo ambalo silisemi kwa fahari. Nilimlaza juu ya gunia, nikamburuta hadi jikoni, nikafunga mlango. Mbwa yule ambaye sijawahi kumsikia akilia hata alipovunjwa mguu na ng'ombe, alipiga kelele. Alikwaruza mlango mpaka rangi ikatoka. Alikojoa sakafuni, akakitazama alichofanya, akatetemeka kuliko alivyotetemeka nje. Nikamfungulia. Nilipiga deki nikiwa nimemkasirikia, na kabla deki haijakauka hasira ikawa juu yangu mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu binti yetu, Noeline, aliyeko Dunedin.

"Mama, mwite kwa upole tu. Piga paja, sema njoo njoo."

"Mbwa wako anaitwa Princess na anavaa sweta, Noeline."

"Lakini analala ndani."

"Analala ndani kwa sababu hana akili ya kupata nje. Nakuuliza kitu. Baba yako alikuwa anamwambiaje Moss?"

"Akitaka afanye nini?"

"Akitaka afanye chochote."

Nilimsikia Princess akikoroma. "Mama, mimi nijue? Wewe ndiye uliyeishi naye."

Nilikata simu nikakaa. Ni kweli, niliishi naye. Nyumbani Wattie alikuwa mtu wa maneno kumi kwa siku, na manne yalikuwa "chai iko wapi mama". Lakini huko mlimani alishinda na mbwa kutwa nzima, miezi kwa miezi. Lazima alikuwa anasema kitu. Mimi mlimani sikwenda. Kazi yangu ilikuwa jikoni, kuku, bustani, na shule ya Jumapili. Nilisikia mluzi wake tu kwa mbali, na mluzi wa Wattie sina meno ya kuupiga. Basi siku zile, nikikoroga uji, nikichota makaa ya mawe, nilijikuta ninawaza jambo moja: alikuwa anasemaje? Ilinijia kwamba kuna nusu ya mume wangu ambayo mbwa anaijua na mimi siijui, na mbwa mwenyewe hasemi. Sikuona uchungu. Nilitamani kujua tu, kama unavyotamani kujua wanachocheka watu chumba cha pili.

Ndiyo maana Alhamisi niliendesha gari mwenyewe kwenda kwenye dawa.

Kila wiki sita mbwa wote wa upande wetu hupelekwa kwenye uwanja wa dawa kando ya barabara. Kila mbwa hufungwa kwenye kigingi chake, hupewa dawa ya kumharisha, kisha mkaguzi hupita akitazama kinachotoka kama kina tegu. Tangu watu wetu waanze kupasuliwa maini kwa uvimbe wa tegu wa mbwa, hakuna wa kukwepa. Ni mahali pa wanaume. Wanasimama kwa mstari, mikono mifukoni, wanangoja. Mengine siyaandiki.

Niliposhuka garini na kofia yangu ya kanisani, maana ndiyo yenye kufunika masikio, mazungumzo yote yalikatika.

Mkaguzi, Bwana Pringle, alikuja mbio. "Bi Kirkness, ungemtuma mtu! Hapa si mahali pako."

"Nimelea mtoto na kuuguza wakwe wawili, Bwana Pringle. Hakuna kitakachotoka kwa mbwa kitakachonishangaza. Mfunge."

Moss akafungwa, akameza dawa yake kwa adabu. Mimi nikaenda kwenye mstari wa wanaume. Walikuwa kumi au kumi na moja, Clarrie kati yao. Nikawaambia nina swali. Wakavua kofia kwa pamoja, kwenye baridi ile.

"Nyinyi mlichunga na Wattie. Nataka kujua alikuwa anamwambia nini Moss."

Mmoja alikohoa. Mwingine aligundua kitu cha kutazama kwenye buti lake.

"Unauliza maneno ya Jumapili," akasema Clarrie polepole, "au ya siku za kazi?"

"Alikuwa na maneno ya Jumapili?"

"Hapana."

Hapo mtu wa mwisho wa mstari alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Nikasubiri. Mwalimu wa shule ya Jumapili anajua kusubiri.

"Yalikuwepo ya kawaida," Clarrie akasema. "Kushoto, kulia, simama. Na mluzi. Halafu yalikuwepo yale ya... kumtia moyo."

"Yapi?"

"Bi Effie, tafadhali."

"Clarrie Geddes, kesho unakuja nyumbani kwangu na bunduki. Leo unaogopa neno?"

Alikuna shingo. "Basi. Kulikuwa na habari za mama yake."

"Mama yake nani?"

"Mama yake Moss. Kwamba Moss ni mwana wa mbwa." Akageuka kwa wenzake kutafuta msaada. "Ambalo, ukitazama vizuri, si tusi. Ni ukweli mtupu."

Sasa walicheka wote, na mimi nikabana midomo mpaka ikauma ili nisicheke nao. Wakafunguka. Kila mmoja akawa na lake: siku Wattie alipomtukana Moss kutoka kilele kimoja hadi kingine na kondoo mia tatu wakasimama kusikiliza, siku alipomlaani asubuhi nzima, kisha wakamkuta nyuma ya jiwe anamtoa mbwa barafu vidoleni kwa mdomo wake mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Hilo la mwisho lilisemwa bila kicheko. Wattie hakuwahi kuniambia. Nililisikiliza kama mtu anayepewa mzigo dirishani na hajui auweke wapi.

"Lakini hakuna neno la kuingia ndani?" nikauliza.

"Neno hilo mbwa wetu hana," akasema Clarrie. "Angelitoa wapi?"

Kwa hiyo nilikuwa nimekuja bure. Hivyo nilidhani.

Bwana Pringle alipomaliza, mbwa walifunguliwa. Mbwa thelathini waliofungwa nusu siku na tumbo tupu, ukiwafungua pamoja, ni vita. Walirukiana, walibweka, kamba zikajisokota miguuni mwa watu. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya Moss, naye amesimama mbele yangu akitazama vurugu kwa dharau. Clarrie akajaza kifua, akapiga ukelele mmoja:

"Ingia!"

Uwanja ukatulia. Mbwa wa Clarrie, na wa jirani yake, na wa jirani wa jirani yake, kila mmoja akazunguka miguu ya mtu wake na kusimama nyuma yake, kichwa chini. Na kamba ikavutika mkononi mwangu. Moss alizunguka sketi yangu, kwa mwendo uleule wa kwenye ngazi yangu, akasimama nyuma.

Nilibaki nimetoa macho.

"Clarrie. Umewaambia waingie wapi?"

"Nyuma. Wapi tena?" Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Ingia nyuma. Ila nani ana pumzi ya kumaliza?"

Bila shaka ingia nyuma ninaijua. Mtoto yeyote wa huku anaijua kabla ya sala. Lakini niliijua nzima, kama inavyosemwa kwa kituo, karibu na nyumba. Sikujua kwamba mlimani, kwenye upepo, waliikata mkia. Na siku nane nilikuwa nimesimama kwenye ngazi yangu nikimwamuru mbwa wa watu akae nyuma yangu, akakaa nyuma yangu, nikageuka kumkasirikia, akazunguka tena akakaa nyuma yangu. Siku nane hakunikatalia hata mara moja.

Nilipanda garini nikacheka hadi kofia ikaanguka. Clarrie alikuja dirishani kwa wasiwasi.

"Bi Effie? Kama umebadili nia kuhusu kesho..."

"Njoo saa tisa kama tulivyosema."

Ijumaa nikaamka mapema nikiwa na mpango. Ikiwa neno ni la kukaa nyuma, basi nitatangulia mimi, naye atafuata nyuma mpaka ndani. Nilimfungua, nikasema "Ingia," akaenda nyuma, nikapanda ngazi, nikafungua mlango, nikavuka kizingiti, nikasimama kumshikia mlango.

Moss alisimama kwenye ngazi.

Nikarudi, nikaanza upya. Vilevile. Mara ya tatu vilevile. Saa nne, saa tano. Nilianza kuogopa. Nikasema kwa sauti, pale uani, "Baba wa mbinguni, nimeona mlango wake, nionyeshe na komeo," nikaenda kuanua nguo, maana nguo hazingoji.

Nguo zilikuwa zimeganda kama mbao. Nilizichomoa moja moja, nikipiga hatua, nikisimama, nikipiga hatua. Siku ile ukungu ulikuwa umeinuka kidogo kwa mara ya kwanza, na jua la chini lilikuwa mgongoni mwangu, kwa hiyo kivuli changu kilikuwa mbele juu ya barafu, kirefu, na pembeni ya kiuno cha kivuli changu kulikuwa na masikio mawili. Moss alikuwa nyuma bado. Sikuwa nimempa amri ya kuondoka. Nikapiga hatua, masikio yakapiga hatua. Nikasimama kwenye shuka, masikio yakasimama. Nikasogea kwenye gauni la kulalia; yakasogea.

Nilisimama na gauni lile gumu mkononi, limenyoosha mikono kama linataka kukumbatiwa. Mbwa wa nyuma huenda unapokwenda na husimama unaposimama. Na mimi kila mara nilikuwa ninasimama hatua moja ndani ya mlango. Basi yeye alikuwa anasimama hatua moja nje. Kosa lilikuwa langu tena. Nilitakiwa kutembea tu, nisisimame.

Lakini jikoni kwangu ni padogo. Kutoka mlangoni hadi ukutani ni hatua saba.

Niliingia ndani, nikasukuma viti vyote chumbani, nikavuta meza hadi katikati. Nikafungua mlango wa nyuma wazi kabisa, nikauegemeza tofali. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Baridi ikaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na joto nililolilinda tangu alfajiri likatoka likipishana nayo. Nikarudi uani, nikamsimamisha Moss, nikasema neno, nikaanza kutembea.

Kugeuka ni marufuku. Nikigeuka atazunguka, na tutarudi ngomani. Nikapanda ngazi. Nikavuka kizingiti. Nikaendelea, nikapita jiko, nikapita beseni, nikazunguka meza. Nyuma yangu sikusikia kitu isipokuwa mbao za ngazi zikilia mara moja. Mzunguko wa pili. Nilipopita mbele ya mlango nilikaza macho kwenye kalenda, nikawasikiliza kuku wa nje, nikasikiliza bomba likidondosha maji, kucha sikuzisikia. Mzunguko wa tatu. Pumzi yangu sasa ilikuwa inaonekana jikoni kwangu mwenyewe. Nilijiambia, Effie, mwanamke wa miaka sitini na sita, na mabuti ya mpira, anazunguka meza mlango wazi. Wakikukuta watampigia Noeline simu.

Mzunguko wa nne nikasikia kwenye zulia la plastiki: tik. Kisha kimya cha hatua moja. Kisha tik, tik.

Sikupunguza mwendo. Nilikuwa ninaomba, lakini siwezi kusema niliomba nini.

Wakati huo gari likasimama nje, mlango wake ukafungwa, na buti zikaja uani. Nilijua ni nani na amebeba nini. Buti zilipanda ngazi, zikasimama.

"Bi Effie?" Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na farasi aliyeshtuka. "Bi Effie, unatafuta kitu?"

"Usimwite," nikasema nikizunguka. "Usipige mluzi. Usiseme hata moja katika maneno yako yale. Yuko nyuma yangu?"

Nikazunguka meza nzima.

"Clarrie! Yuko?"

"Yuko," akasema. "Pua yake iko kwenye sketi yako. Mungu wangu."

"Mungu humjui, usimtaje. Hiyo bunduki iache nje, ingia... hapana! Njoo ndani, ufunge mlango. Taratibu."

Nikamsikia akiiegemeza ukutani kwa nje. Nikamsikia akiondoa tofali. Mlango ukafungwa bila kishindo, na mimi nikaendelea kutembea, maana sikuwa na uhakika kama naweza kusimama. Moss angegundua yuko wapi. Angekumbuka ile siku ya gunia.

"Unaweza kusimama sasa," akasema Clarrie kwa kunong'ona.

"Anatetemeka?"

"Kidogo. Anakutazama kisigino."

Nikamwambia aniletee kiti changu chenye mikono kutoka chumbani. Akakileta akinyata na mabuti yake, mwanaume mzima wa kilo mia. Nilizoea kukiweka kikitazama jiko. Nikafikiri. Nikikaa nikitazama moto, mbwa wa nyuma atakuwa nyuma ya kiti, kwenye baridi, chini ya dirisha.

"Kigeuze," nikasema. "Mgongo wa kiti uelekee jiko. Acha nafasi kati."

"Utakaa umelipa jiko kisogo?"

"Ndiyo."

"Uso utaganda, dada yangu."

"Nina shali."

Nikatembea hadi kwenye kiti kwa mzunguko, nikakaa, macho kwenye mlango. Nyuma yangu kucha zilisogea, zikasita, zikasogea. Kisha nikasikia mzigo wa mifupa mizee ukishuka sakafuni mara tatu: mbele, nyuma, kichwa. Kisha pumzi ndefu.

Clarrie alikuwa amesimama kofia mkononi, hajui mikono aifanye nini. Nikamwonyesha birika kwa kidevu, akajimiminia chai, akanimiminia na mimi, akakosea sukari. Akatoa chumbani kiti cha pili, akakaa kunikabili, magoti yetu karibu yagusane, yeye anatazama moto na mimi natazama mlango. Meno yangu yaligongana kwenye kikombe.

"Utaishi hivi mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka majani yaote."

"Na ukienda kulala?"

"Nitajua nikifika huko."

Alitikisa kichwa. Alikunywa chai. Akatazama tena begani mwangu, chini, kule nisikoweza kutazama mimi.

"Huko mlimani hukumwona alivyo," akasema. "Na hapa ndani pia hutamwona. Hilo hukulifikiria."

Sikuwa nimelifikiria. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kupata joto, na nikatamani sana kugeuka.

"Wewe unamwona," nikasema. "Niambie anafanyaje."

"Amelala."

"Clarrie. Mtu mzima hawezi kusema neno moja tu kwa swali kama hilo. Anafanyaje?"

Aliweka kikombe sakafuni, akaegemeza viwiko magotini, akatazama vizuri kama mtu anayehesabu kondoo mbali.

"Basi. Amelaza kidevu juu ya mguu wa kushoto, ule uliovunjika. Barafu ya tumboni inayeyuka, pana kidimbwi kinakuja hapo chini ya kiti chako. Manyoya ya shingoni yanatoa mvuke. Sikio moja limelala, moja limesimama."

"Macho?"

"Jicho moja amelifumba. La pili linatazama mgongo wako."

"Endelea."

"Hakuna kingine cha... Ngoja." Aliinama mbele. "Jicho linashuka. Linashuka. Limefunguka tena. Sasa limeshuka."

"Tia makaa mawili," nikamwambia. "Polepole, umpitie kwa mbali, na urudi ukae hapohapo unieleze."